Monster: hivi Dk. Tenma alikosea kumuokoa Johan?

Kijiti:

Wakuu salaam. Natanguliza tahadhari, humu namwaga mwanzo mpaka mwisho, kama hujaimaliza funga uzi huu urudi ukishamaliza usije ukanilaumu.

Juzi saa nane usiku nimemaliza Monster, ile anime (katuni ya Kijapani) ya studio ya Madhouse ya 2004 hadi 2005, episodi zote 74, iliyotoka kwenye manga (vitabu vya katuni) ya Naoki Urasawa. Nimeitazama kama wiki sita hivi, mbili mbili nikitoka kazini, na tangu nimemaliza kuna kitu kimenikwama kooni, hakishuki hakitoki. Rafiki yangu tunayepeanaga anime nimemuuliza akasema yeye aliishia njiani, kwa hiyo nimekuja kwenu.

Asiyeijua nimpe picha. Kenzo Tenma ni Mjapani, daktari wa upasuaji wa ubongo, yuko Düsseldorf 1986, ukuta wa Berlin bado umesimama. Mkono wake ni wa dhahabu ila sifa zote anabeba mkurugenzi wa hospitali, na Tenma ananyamaza maana amemchumbia Eva, binti wa huyo mkurugenzi. Usiku mmoja anaambiwa amuache mgonjwa aliyekuwa anamwendea, kibarua wa Kituruki, akampasue mwimbaji wa opera. Anaenda. Mwimbaji anapona, magazeti yanaandika, halafu mke wa yule Mturuki anamkuta pale korido anampiga ngumi za kifuani akilia, mume wangu ndiye alitangulia kufika, kwa nini ulimtibu mwingine kwanza. Mume keshakufa.

Siku chache baadaye analetwa mtoto wa kiume ana risasi kichwani, walezi wake wameuawa, dada yake pacha kapigwa na bumbuwazi hasemi. Tenma anajiandaa kuingia thieta, amri inakuja, meya kaletwa na damu imeganda kwenye ubongo, muache mtoto njoo kwa meya. Safari hii anagoma. Mtoto anapona, meya anakufa, Tenma anapoteza cheo na mchumba kwa mpigo. Miaka 9 mbele, 1995, ndani ya jengo ambalo halijaisha kujengwa, kijana mzuri wa sura mwenye sauti ya upole anamuua mtu mbele ya macho yake, na anamshukuru, kwa sababu yeye ndiye yule mtoto. Johan.

Sasa swali langu wakuu, na naliuliza kwa dhati kabisa: Tenma alikosea? Mimi naelemea kwamba ndiyo, alikosea bila kujua. Nikiwafikiria wale wazee wasio na watoto waliomlea Johan kwa mapenzi yote akawaua mmoja baada ya mwingine, nashindwa kusema kila uhai una uzito sawa. Ule wa Johan ulikuwa unakula za wenzake. Kwenye Death Note, anime nyingine, angalau mhusika mkuu Light anajipa mwenyewe kazi ya kuchagua nani afe, unaweza kumchukia ukatulia. Huku aliyesababisha ni mtu mwema kuliko wote kwenye stori, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nawasilisha.

Baharia wa Nchi Kavu:

Mkuu Kijiti mimi sina shida na alichofanya 1986, pale hakujua. Shida yangu ni Munich, kule maktaba ya chuo kikuu. Mtu umejifunza kulenga kwa yule askari wa kukodiwa wa zamani, umevuka nusu ya Ujerumani na bunduki mgongoni, umempata kwenye darubini ya bunduki, kichwa kinaonekana kabisa, halafu kidole kinagoma. Waliokufa baada ya siku ile mimi nawaandika kwenye daftari la Tenma, samahani sana kwa wanaompenda.

Nesi wa Zamu:

Kijiti asante kwa uzi, nimeusoma nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani asubuhi nikapitiliza kituo. Naomba niseme kidogo kwa sababu hii kazi ndiyo ninayoifanya, niko kitengo cha dharura mwaka wa kumi na moja sasa.

Watu wengi wanaichukulia ile ya Tenma kama falsafa kubwa, uhai wote ni sawa, basi tunaanza kubishana uhai ni sawa au si sawa. Mimi nilipoitazama sikuona falsafa, niliona foleni. Rudia alichosema yule mama Mturuki. Hakusema mume wangu ana thamani kama mwimbaji wa opera. Alisema mume wangu alitangulia kufika. Alikuwa anadai zamu yake tu. Na yule mtoto naye alitangulia kufika kabla ya meya, ndiyo maana safari ya pili Tenma hakuhitaji kupima nani ana faida kwa mji, alirudi kwenye zamu. Sisi pale tunapanga kwa hali ya mgonjwa, aliye hatarini zaidi anaingia, na kama wawili wako hatarini sawasawa basi aliyeanza kuhudumiwa hamuachi ukaenda kwa mwingine. Hatupangi kwa jina wala kwa cheo, au tuseme hatutakiwi kupanga hivyo, maana simu zinapigwaga jamani, zinapigwa.

Kuna usiku, sitasema wapi, tulikuwa na kijana wa bodaboda mezani, hana kitambulisho, hana ndugu, viatu mguu mmoja. Daktari keshamuanza. Mlangoni yakaingia magari mawili na mtu mkubwa, na nyuma yake simu kutoka juu. Nilimshikia daktari ile simu sikioni kwa sababu yeye ana glavu zina damu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu, "Nimeshamuanza huyu," akaniashiria kwa kidevu niitoe. Mkubwa akaitiwa daktari mwingine kutoka nyumbani, akachelewa dakika arobaini, namshukuru Mungu akapona. Kijana wa bodaboda naye akapona, siku ya tisa akaondoka. Sijui leo yuko wapi wala anafanya nini. Inawezekana ni baba wa familia, inawezekana anapora watu simu. Kijiti, ungetaka daktari yule ajue kabla? Kwa njia gani? Na siku tukianza kuulizana mlangoni huyu atakuja kuwa nani, wa kwanza kuachwa nje ni nani kama si yule asiye na viatu?

Kwa hiyo kwa mimi upasuaji si kosa. Kosa la Tenma liko pengine na naona watu wanalipita haraka sana. Ni yale maneno aliyoyasema kando ya kitanda. Ameshashushwa cheo, Eva kamrudishia pete, anaingia chumba cha yule mtoto aliyelala hajitambui, anatoa machungu yake yote, anasema mtu kama mkurugenzi yule ni bora afe. Muda si mrefu mkurugenzi na madaktari wawili wakubwa wanakutwa wamekufa kwa pipi zenye sumu na mapacha wametoweka. Mtoto alikuwa anasikia.

Aliyelala anasikia jamani. Nimewahi kumhudumia bibi mmoja, siku tatu hafumbui jicho, sisi manesi wawili tukasemezana pale pale juu ya mwili wake kwamba huyu hafiki asubuhi. Alifika. Alipoanza kuongea aliniita kwa ishara, nikainama, akaniambia mjukuu wangu, ile jana mlinitisha. Tangu siku ile nikiingia kwa mgonjwa aliyezimia nampa shikamoo kama yuko macho. Kwa hiyo lile tukio la Tenma kuropoka kitandani mimi nililipausi, nikatoka nje nikakaa kibarazani kwanza.

Shangwe254:

Dada Nesi hiyo ya foleni imeniingia sana, sijawahi ikaona hivyo. Na kumbuka Eva ndiye anamwambia Tenma kirahisi tu, kama mtu anasema mvua inakuja, kwamba uhai wa watu hauko sawa. Hana ubaya moyoni wakati anasema, ndiyo kitu inatisha, ni venye alilelewa.

Lakini mimi nataka kutoa Tenma hapo katikati kidogo. Mnaongea ni kama Johan alianzia kwa meza ya upasuaji. Kuna Kinderheim 511, ile nyumba ya watoto ya Berlin Mashariki, pale walikuwa wanachukua mtoto wanamfuta. Jina, kumbukumbu, kupenda, kulia, zote. Wanataka askari asiyesikia kitu. Ukitaka kujua hiyo nyumba ilifanya nini usiangalie Johan, yeye alifika pale tayari ashaharibika, angalia Grimmer.

Wolfgang Grimmer kwangu ndiye mtu mkubwa kwa hii anime yote. Mrefu, mpole, anatabasamu kila saa, na hilo tabasamu alijifunza kwa mazoezi, hajui linatakiwa kutoka wapi. Alikuwa jasusi wa Ujerumani Mashariki. Mtoto wake mwenyewe akafa na yeye hakujua alie namna gani, alisimama tu, bibi yake akamuangalia akaona ameolewa na kitu gani, akaenda zake. Akizidiwa na hatari anapotea akili, akiamka anakuta watu wamelala chini wamekufa, anasema ni yule shujaa wa katuni ya utotoni mwake amekuja, Steiner. Sasa twende Ruhenheim, kile kijiji mwishoni, watu wanauana jirani kwa jirani. Grimmer anakasirika na safari hii hapotei. Anakasirika akiwa yeye mwenyewe. Anapigwa risasi, na akiwa anakufa pale mvua inanyesha ndiyo anaanza kumlilia mtoto wake, miaka yote hiyo imepita. Anasema hisia hazikufutwa, zilipotea njia tu, kama barua iliyochelewa kufika kwa mwenyewe.

Mimi nililia. Nililia sana, na nilikuwa nimekaa na ndugu yangu mdogo akanishika bega bila kuuliza. Baba yetu alikuwa mtu wa kutosema kitu, tulidhani hana. Siku ya kumzika tukapata kwa koti yake risiti zetu zote za fee ya shule, kutoka darasa la kwanza, zimekunjwa moja moja ndani ya nailoni.

So Kijiti, swali la kama Tenma alikosea linaachia wengi sana. Wale waliokaa ofisini wakaandika program ya kufuta watoto, wao hakuna anawauliza.

Kijiti:

Dada Nesi nimekuelewa, na ile ya viatu mguu mmoja imenikalia. Nakubali kwenye upasuaji, naondoa neno langu.

Ila Shangwe hapo naomba nikubane ndugu yangu. Grimmer alipita 511 akatoka mtu anayekwenda kumkumbatia yule mtoto Milos darajani Prague asijirushe. Na huyo Milos alifikishwa pale na nani? Na Johan, aliyemjaza maneno mtoto anayemtafuta mama yake, akampeleka usiku kwenye mitaa ya makahaba akajionee. Halafu Anna, au Nina ukipenda, ni pacha wake kabisa, tumbo moja, na aliyepelekwa kwenye ule Mjengo wa Waridi Jekundu akaona watu wakifa kwa sumu ni yeye Anna, Johan alihadithiwa tu akaibeba kama yake. Aliyeona kwa macho akawa mwanafunzi wa sheria anayecheka na wazazi wake wa kulea, aliyehadithiwa akawa vile. Kwa hiyo malezi peke yake hayajibu. Kuna mahali Johan alichagua, na mkimsamehe kila hatua kwa sababu ya utoto wake mnawadharau wengine wote walioumizwa vilevile wasiue.

Mzee wa Kaseti:

Vijana mmenikumbusha mbali, nimeitazama hii mara tatu, ya kwanza bado tunanunua CD za kuchoma pale stendi zenye maandishi ya manjano yanayoruka. Naomba kuchangia.

Baharia, ile ya maktaba nakupinga. Tenma kila alipopita amekimbizwa na polisi kwa mauaji ambayo si yake, Inspekta Lunge anachapa vidole hewani anahifadhi kila neno kichwani kama kompyuta, kapoteza mke na binti kwa ajili ya kumshika mtu ambaye siye, na bado Tenma kila anapolala anaacha mtu aliyemtibu. Kuna kijiji anashona, kuna njiani anashona. Yule mtoto Dieter na mpira wake ni yeye alimtoa kwenye mikono ya mlezi aliyekuwa anamtesa ili amfanye Johan wa pili. Mkono ule ukifyatua risasi hauwezi tena kushona. Lunge mwenyewe, mtu asiyeomba radhi maishani, mwishoni alimuomba Tenma msamaha.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni kwa binti yangu Nesi. Hiyo foleni yako ni nzuri na ndiyo hospitali inavyotakiwa kuendeshwa. Sasa nakuuliza, foleni ya mama yao ilikuwa wapi?

Turudi Prague. Mama kakaa na mapacha, amewavalisha sawa, Johan kavalishwa kike wafanane. Wanakuja watu wa Bonaparta, bwana wa ule Mjengo wa Waridi Jekundu, wanasema tunachukua mmoja. Mmoja tu. Mama anawashika wote wawili, mkono huu na mkono huu. Anaachia mmoja. Halafu anasema hapana, siyo huyu. Anampokea, anamtoa mwingine. Hakuna aliyetangulia kufika pale, walikuja pamoja. Hakuna aliye mahututi zaidi. Na mtoto aliyebaki amesimama anaangalia ule mkono ulioachia na ukashika.

Episodi ya mwisho Tenma anakwenda hospitalini Johan akiwa amelala baada ya upasuaji wa pili, maana yule baba mlevi wa kijijini alimpiga risasi ya kichwa pale Johan alipomuelekezea bunduki mtoto wake ili Tenma alazimike kufyatua, na Tenma akampasua tena, mtu yuleyule, kichwa kilekile. Amekwenda kumwambia kwamba amemuona mama yake, yuko hai kusini mwa Ufaransa, na kwamba yeye Johan alikuwa na jina. Ndipo Johan, au ndoto ya Johan, mimi bado sijaamua, anainuka anamuuliza, mama alitaka kuniokoa mimi, au alituchanganya akadhani mimi ni dada yangu? Nani hasa hakutakiwa?

Tenma hana jibu. Na mimi nimetazama mara tatu sina jibu. Nimezaa watoto watano, nimemzika mmoja, na nakwambieni lile swali nilipolisikia mara ya kwanza nilizima nikaenda kuwaangalia waliolala. Kijiti unasema Johan alichagua, ni kweli, damu zote zile zitamdai. Lakini mtoto anayekua hajui kama alibakizwa kwa kupendwa au kwa bahati mbaya, huyo nitamwambia nini kabla sijamwambia umekosea?

Na kile kitabu cha picha alichokuwa anasomewa utotoni ndiyo hicho hicho. Zimwi lisilo na jina linaingia ndani ya watu, linakula, mpaka linapata jina zuri, Johan, na likishapata hakuna aliyebaki wa kuliita.

Nesi wa Zamu:

Shikamoo mzee. Pole sana kwa mtoto, Mungu amrehemu.

Hapo umenishinda, sina foleni ya yule mama. Naliangalia lile tukio nawaza kitu kimoja tu, kwamba waliomwambia achague ndio waliotenda, yeye alikuwa mama aliyeshikiwa. Mkurugenzi wa Düsseldorf na wale wa Prague kwangu ni watu wa aina moja, wanaingia kwenye chumba ambacho hakikuhitaji kuchagua, wanalazimisha mtu achague, halafu wanaondoka na mtu huyo anabaki na mikono yake miaka yote. Tenma alipata bahati ya kuulizwa mara ya pili. Yule mama aliulizwa mara moja.

Lakini najua hilo halimjibu Johan.

Shangwe254:

Kijiti umenishika kwa Anna, hiyo nakubali. Kitu moja tu. Pale Ruhenheim Anna anamwambia Johan nimekusamehe. Na yeye anamjibu kuna vitu mtu harudi nyuma nazo. Mimi nilikuwa naona kama msamaha ulikataliwa. Sasa nikisoma Mzee hapo juu naona pengine hakuukataa, pengine ilikuwa mara ya kwanza mtu anamchagua kwa kumjua ni yeye nani, na alikuwa amechelewa hata kujua vile kitu kama hiyo hupokelewa. Barua ingine hiyo.

Baharia wa Nchi Kavu:

Mzee heshima yako. Bado naamini risasi moja pale maktaba ingeokoa watu, siwezi kudanganya. Ila hiyo ya mkono wa kushona nimeipokea, nitakaa nayo.

Kijiti:

Wakuu asanteni wote, Mzee wa Kaseti shikamoo. Jana usiku sikulala mapema, nimerudia episodi ya kwanza peke yangu, nimevaa hedifoni. Nilitaka kuangalia ile korido tu. Mara ya kwanza nilikuwa namtazama Tenma, uso wake, alivyoduwaa. Safari hii nimemtazama yule mama. Stori nzima episodi 74 watu wanatafuta jina, la Johan, la Anna, la mama yao, la zimwi kitabuni, na yule mama pale anasema tu mume wangu, mume wangu, anampiga kifuani. Nimerudisha nyuma mara nne. Mume wangu ndiye alitangulia.